Mama Aliyeandikwa "Ameanguka": Kliniki Zetu na Vita vya Nyumbani

Katika mazungumzo yaliyopita tuliongea juu ya chanjo, maji safi na kunyonyesha. Leo ni habari ya namna nyingine. Nataka kukusimulia jinsi zahanati na kliniki za hapa kwetu Kenya zilivyojifunza, polepole na kwa kuchelewa, kumhudumia mama anayepigwa nyumbani kwake. Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliochelewa, kwa hivyo nianze na langu.

Nilipomaliza diploma ya uuguzi nilipelekwa katika zahanati moja ya mashambani, ambayo jina lake tuliache. Tulikuwa wauguzi wawili na chumba kimoja cha kufungia vidonda. Mwaka 2013 alikuja mama mmoja akiwa na jeraha juu ya jicho. Mumewe alimleta kwa baiskeli, akasimama mlangoni akiwa ameshika koti lake. Nilimwuliza mama, mume akisikia, "Umeumia vipi?" Akajibu, "Nimeanguka nikitoka mtoni." Nikamshona nyuzi nne, nikampa dawa ya maumivu, nikaandika kwenye daftari lake: ameanguka. Alirudi tena mwaka huo huo, mkono umevimba. Ameanguka. Akarudi mara ya tatu, mbavu zikimwuma hata hawezi kuvuta pumzi vizuri. Nikaandika vile vile, kwa mwandiko wangu mzuri ambao walimu wangu walikuwa wakiusifu.

Miezi kadhaa baadaye dada yake alimshika mkono wakaenda polisi. Kesi ilipofika mahali pa kuulizwa ushahidi wa matibabu, daftari la zahanati likatolewa. Lilisema mama huyu ni mtu wa kuanguka anguka. Mara tatu. Kesi haikuendelea, naye akarudi nyumbani kwa mtu yule yule.

Mama msomaji, sikuwa na nia mbaya. Sikuwahi kufundishwa neno lingine la kuandika. Ndipo nikaanza kuwauliza wauguzi waliostaafu: ninyi mliandika nini? Majibu yao ndiyo yaliyonifanya nitafute historia hii.

Zamani, mke aliyepigwa hakuenda kwa muuguzi. Alirudi kwao. Katika jamii zetu nyingi mume alilazimika kumfuata akiwa na wazee, maneno yakasemwa, pengine faini ikatozwa, kisha mke akarudishwa. Wako wanaosifu sana utaratibu huo. Mimi siusifu wala siutupi wote. Ulikuwa na faida moja: jambo lilijulikana na watu wengi, na mume alijua anaangaliwa. Lakini shabaha ya wazee ilikuwa ndoa isivunjike. Kama mbavu zilipona au hazikupona, hilo halikuwa swali la kikao.

Baada ya Uhuru serikali ilianza kujenga zahanati kwa wingi. Mwaka 1965 ada ya matibabu ya wagonjwa wasiolazwa iliondolewa katika vituo vya serikali, na mwaka 1970 serikali kuu ikachukua huduma za afya za mashambani kutoka kwa mabaraza ya wilaya. Sasa mama aliweza kufika kwa muuguzi bila kuomba pesa kwa mtu. Lakini muuguzi alifunga kidonda na kunyamaza. Sista mmoja mzee aliniambia, "Sisi tulijua. Jumatatu ndiyo siku ya macho meusi, kwa sababu ya mshahara na pombe ya mwisho wa wiki. Tuliweka maji baridi, tukasema pole." Nilimwuliza kama kuna aliyewahi kuandika sababu. Akacheka kidogo. Akasema ungeandika ili nani asome?

Hata bungeni mambo yalikuwa hivyo. Mswada wa sheria ya ndoa ulipelekwa mwaka 1976, ukakataliwa. Ukarudishwa mwaka 1979, ukakataliwa tena. Moja ya mambo yaliyowaudhi baadhi ya wabunge ni kwamba ungemnyima mume ruhusa ya kumchapa mkewe. Sasa fikiria muuguzi wa kijijini, ambaye chifu, mhubiri na mbunge wake wote wanaona kumchapa mke ni adabu ya nyumbani. Angeanzia wapi?

Katikati ya miswada hiyo miwili kulikuwa na mkutano mkubwa ambao wauguzi wote husomeshwa habari zake. Mnamo Septemba 1978 nchi za dunia zilikutana mjini Alma-Ata, katika Kazakhstan ya leo, zikakubaliana kuhusu afya ya msingi. Maana yake ni kwamba huduma iwe karibu na watu, wananchi washiriki, na kuzuia kutangulie kutibu. Ni mkutano mzuri, na mimi naula mkate kwa sababu yake. Waliorodhesha mambo manane: elimu ya afya, chakula, maji na usafi, afya ya mama na mtoto pamoja na kupanga uzazi, chanjo, kuzuia magonjwa ya mahali, kutibu magonjwa na majeraha ya kawaida, na dawa muhimu. Rudia kuyasoma. Mama anayepigwa anaweza kuingia pale penye "majeraha ya kawaida", basi. Jeraha limo, aliyelitia hamo. Kwa muda mrefu vitabu tulivyosomea vilifuata orodha hiyo.

Mambo yalianza kutikisika katika miaka ya 1980. Mwaka 1983 Kenya nzima ilishtuka kusikia habari za mama mmoja aliyetolewa macho yote mawili na mumewe kwa sababu alikuwa amezaa mabinti tu, bila mtoto wa kiume. Nyanya wengi wanaosoma kijitabu hiki wanakumbuka. (Na kwa kuwa mimi ni muuguzi, niseme hapa hapa: mbegu ya baba ndiyo inayoamua mtoto awe wa kiume au wa kike. Yai la mama halina kauli katika jambo hilo.) Mwaka 1985 wanawake wa dunia nzima walikuja Nairobi kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa, na maazimio ya mkutano huo yalitaja waziwazi kupigwa kwa wanawake. Mwaka huo huo mawakili wanawake walianzisha FIDA Kenya, na mama maskini akaanza kupata wakili bila malipo.

Lakini wakati wanasheria wanaamka, mlango wa kliniki ulikuwa unafungwa kwa upande mwingine. Mnamo Desemba 1989 serikali ilileta mpango wa wananchi kuchangia gharama za matibabu. Kwa mama anayepigwa, hili lilikuwa jambo kubwa kuliko mikutano yote. Pesa za matibabu anazo nani? Aliyempiga. Kwa hiyo ili atibiwe ilibidi amwombe pesa mtu aliyemjeruhi, na anayelipa ndiye anayekuja naye na kusimama mlangoni. Ada zilipopunguzwa mwaka 2004 hadi shilingi 10 kwa zahanati na shilingi 20 kwa kituo cha afya, na kisha kuondolewa katika vituo hivyo mwaka 2013, magazeti yaliandika juu ya malaria na watoto. Sikuona aliyeandika kwamba mama sasa anaweza kuja peke yake. Sisi wa chumba cha vidonda tuliona.

Mwaka 1996 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kwamba ukatili ni tatizo la afya ya umma, kama vile kipindupindu au kifua kikuu. Ulikuja mwaka mmoja tu baada ya mkutano wa wanawake wa Beijing. Usidhani azimio hilo lilifika zahanati yetu kwa posta. Kilichofika ni habari za redioni. Mwaka 1998 mke wa askari polisi mmoja alipigwa na mumewe hadi akapooza, akafariki baada ya miezi kadhaa hospitalini. Watu walimwona kwenye televisheni akiwa kitandani. Nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka mama yangu alizima redio, akasema, "Kumbe hata wao."

Mwaka 2001 hospitali ya wanawake, Nairobi Women's, ilifunguliwa jijini, nayo ikaanzisha kituo cha kuwahudumia bila malipo waliobakwa na waliopigwa. Hapo kwa mara ya kwanza daktari, muuguzi na mshauri walikaa chini ya paa moja wakijua kwamba wanamngojea mama wa namna hii. Mwaka 2004 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kuwatibu waliobakwa, mwaka 2006 ikaja Sheria ya Makosa ya Kingono, na mwaka 2007 hospitali kuu ya mkoa wa Pwani, Mombasa, ikapata kituo chake. Kisha vurugu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zikaonyesha nchi nzima jinsi vituo hivyo vilivyokuwa vichache.

Utaona kwamba mengi ya hayo yalihusu ubakaji. Mke aliyevunjwa mkono na mumewe alikuwa bado yuko nyuma kwenye foleni. Hata ile sheria ya 2006 haikumgusa mume anayemlazimisha mkewe, kwa maana kifungu cha ubakaji kiliwaacha nje watu waliooana. Mwongozo, fomu na mafunzo yote yalianza na mbakaji wa kichakani. Kumbe wengi wetu mtu wa kutuumiza tunamjua kwa jina na tunampikia.

Hata hivyo kitu kimoja cha miaka hiyo kilinisaidia mimi niliyekuja baadaye, nacho ni hesabu. Mwaka 2003, kwa mara ya kwanza, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uliwauliza wanawake wa Kenya kama wamewahi kupigwa. Karibu nusu walisema wamewahi kutendewa ukatili tangu walipofika umri wa miaka 15. Uliporudiwa mwaka 2014, wanawake 45 katika kila 100 walisema wamepigwa au kuumizwa mwili tangu umri huo. Mwaka 2022 walikuwa 34 katika 100. Imepungua, tushukuru. Lakini hebu tazama benchi la kliniki siku ya kupima watoto. Tuseme mmeketi kina mama thelathini. Kwa hesabu hiyo ya 2022, kumi wamewahi kupitia haya, na pengine kila mmoja anadhani yuko peke yake. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hatulisemi sana. Kliniki yenyewe iliwahi kumletea mama kipigo.

Mapema miaka ya 2000 tulianza kuwapima virusi vya Ukimwi kina mama wajawazito ili kuwakinga watoto. Kazi hiyo imeokoa watoto wengi mno, na leo nisingekubali mtu aiguse. Lakini hebu fikiria jinsi ilivyokuwa. Mama anapimwa peke yake, anapewa majibu, kisha anaambiwa, "Nenda ukamwambie mzee naye aje apimwe." Ni yeye aliyejulikana kwanza, basi ni yeye aliyeonekana ndiye aliyeleta ugonjwa. Wengine walifukuzwa usiku huo huo, wengine walipigwa. Wengine walificha dawa ndani ya unga au kwa jirani, wakakosa kumeza, na mtoto akaambukizwa. Wauguzi waliona mama hafuati maagizo. Tuliandika neno lingine kwenye daftari: mkaidi.

Baadaye vituo vingi vilianza kuwapa barua wanaume waje kliniki, na mama aliyekuja na mumewe akahudumiwa kwanza. Nia ilikuwa njema, na kina baba wengi wazuri walikuja. Ila mama ambaye mumewe hawezi kuja, au ambaye akija ni balaa, aliketi hadi saa nane akitazama wengine wakipita. Mimi nimefanya hivyo kwa mikono yangu. Na kupanga uzazi ni vivyo hivyo. Muulize muuguzi yeyote kwa nini kina mama wengi hupendelea sindano. Atakuambia ni kwa sababu haionekani. Mama akiniomba nimwachie kadi yake kliniki asiende nayo nyumbani, siku hizi naelewa kwamba ameniambia jambo kubwa.

Kutokana na makosa kama hayo ndipo wauguzi walipoanza kufundishwa kuuliza. Mwaka 2012 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta watafiti walijaribu jambo hili: wahudumu wawaulize kina mama moja kwa moja, kwa utaratibu, kama wanapigwa au kutishwa nyumbani. Wengi walikuwa wakiogopa kwamba kina mama wangekasirika. Ikaonekana kwamba inawezekana, na kina mama walikubali kuulizwa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake kwa wahudumu wa afya. Mwongozo huo hausemi kila mwanamke aulizwe kila siku kama anayehojiwa polisi. Unasema muuguzi ajifunze kutambua dalili, kama vile majeraha yasiyolingana na maelezo, maumivu yasiyo na chanzo, mimba zinazoharibika, huzuni isiyoisha, mume asiyetoka chumbani. Kisha amuulize mama akiwa peke yake.

Mafunzo niliyopata yalikuwa ya siku chache tu, lakini yalinigeuza. Tulifundishwa kusikiliza bila kumkatiza. Tulifundishwa kumwuliza mama anahitaji nini sasa, maana pengine anataka tu dawa na mahali pa kulia, wala hataki polisi. Tulifundishwa kumwambia waziwazi, "Nakuamini, na si kosa lako." Tufikirie naye usalama wake kabla hajatoka mlangoni, kisha tumwunganishe na wengine wa kumsaidia. Hakuna mahali tulipofundishwa kumwambia amwache mume. Hilo lilinishangaza, kwa maana mimi ningekuwa wa kwanza kumwambia. Mwalimu wetu alisema siku za kuondoka ndizo za hatari kuliko zote, na mama ndiye anayemjua mtu wake. Muuguzi anayemsukuma mama aondoke bila mpango anaweza kumpeleka kaburini.

Jinsi tunavyofanya ili kuzungumza na mama bila mumewe kusikia sitaandika hapa. Kijitabu hiki husomwa na watu wote nyumbani.

Mwaka 2015 ndipo Kenya ilipopata Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani. Miswada ya namna hiyo ilikuwa imekwama bungeni tangu mapema miaka ya 2000. Sheria hii ni pana kuliko watu wengi wanavyofikiri. Inataja kupiga, kutisha na kutukana kwa kudhalilisha. Inataja pia kunyimwa pesa za matumizi, kulazimishwa ndani ya ndoa, kutakaswa wajane, kurithiwa kwa nguvu, na hata wakwe kuingilia. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi, yaani amri ya kumzuia mtu asimguse wala kumkaribia mama. Mama anayeenda polisi anaweza kuomba aandike taarifa yake mbele ya askari mwanamke. Jirani aliyesikia pia anaruhusiwa kutoa habari.

Mwaka 2020 korona iliwafungia watu wengi ndani pamoja na waliowaumiza. Kliniki zilipungukiwa na watu kwa hofu, na kafyu ilianza saa moja jioni, wakati ambao ndipo vita vingi huanza. Ukatili uliongezeka hata rais akaagiza uchunguzi mnamo Julai mwaka huo. Kijijini kwetu waliojua zaidi hawakuwa wauguzi. Walikuwa wahudumu wa afya ya jamii, wale kina mama na kina baba wanaotembea nyumba kwa nyumba chini ya mpango ulioanzishwa mwaka 2006. Kwa miaka mingi walifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Septemba 2023 serikali iliwatuma laki moja kote nchini, wakiwa na mikoba ya vifaa na simu.

Hapa nina maoni yangu, nawe unaweza kuyakataa. Mhudumu wa jamii ni baraka kwa mama anayepigwa, na pia ni hatari. Ni baraka kwa sababu anaingia nyumbani kupima presha, na mume haoni ajabu. Ni hatari kwa sababu anaweza kuwa binamu ya mume, au rafiki ya mama mkwe, na neno likitoka kwake linafika sokoni kabla ya jua kutua. Mkoba una kipimo cha presha na cha sukari, lakini haufundishi kunyamaza. Kama wewe ni mhudumu na unasoma haya, usiandike jambo hili kwenye simu yako mbele ya watu wa nyumba hiyo, wala usijaribu kuwapatanisha. Mlete mama kwa muuguzi, useme presha yake inataka kuangaliwa tena.

Januari 2024 wanawake waliandamana katika miji mbalimbali ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Nilikuwa zamu siku hiyo. Mama mmoja kwenye benchi alitazama picha kwenye simu ya mwenzake, akasema polepole, "Hawa wanapigiwa kelele wakiwa wamekufa." Sikuwa na jibu. Nakuachia neno lake.

Basi, kutokana na safari hiyo yote, mama, haya ndiyo unayoweza kupata leo ukija.

Ukibakwa, na yeyote yule, fika kituoni mapema kabisa. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufanya kazi zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na dawa za kuzuia mimba kabla ya siku 5. Usioge kwanza ukiweza, na nguo ulizovaa zilete kwenye mfuko wa karatasi au gazeti, si wa plastiki. Si lazima uanze na polisi. Tiba kwanza. Tutajaza fomu ya matibabu ya aliyebakwa, na hata muuguzi aliyesajiliwa anaruhusiwa kuijaza. Ile ya P3 hutolewa na polisi bure, nayo hujazwa na daktari au klinikal ofisa.

Ukiwa na mimba na umepigwa au kusukumwa tumboni, njoo siku hiyo hiyo hata kama huoni damu. Kondo la nyuma linaweza kubanduka na damu ikabaki ndani. Tunataka kusikia moyo wa mtoto, na kukuangalia kwa saa kadhaa.

Ukikabwa shingo, hata kama alama haionekani, usikae nyumbani. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiuma, kichwa kikiuma au ukiwa ulizirai, ni hatari, na shida inaweza kuja baada ya siku moja au mbili. Na mtu aliyekukaba mara moja anaweza kukuua. Nakuambia hivi si kwa kukutisha. Hili ni jambo ambalo wauguzi hatukuambiwa mapema na tukawapoteza watu.

Ukitaka kupiga simu bila kulipa, nambari 1195 ni ya wanaotendewa ukatili, na 116 ni ya watoto. Baada ya kupiga, ifute kwenye simu.

Bado kuna mengi hayapo. Zahanati nyingi hufungwa jioni. Nyumba za kujihifadhi ni chache, na nyingi ziko mijini. Chumba chetu cha vidonda bado kina mlango usiofungika vizuri, na faragha yetu ni pazia. Naandika haya ili ukija usidhani hatukujali tukikuambia ngoja kidogo. Pengine tunangoja chumba kitoke watu.

Ukifika ukakuta foleni, huna haja ya kueleza shida yako mbele ya wote. Sema una jambo la kina mama, unataka kumwona muuguzi peke yako. Tutaelewa. Na tukishamaliza, omba usomewe yaliyoandikwa kwenye daftari lako. Kama umepigwa na tumeandika umeanguka, tuambie tubadilishe. Kama kuliacha wazi nyumbani ni hatari, tuambie pia. Tutaandika kwenye rejista yetu kubwa inayobaki kituoni, pamoja na tarehe, mahali jeraha lilipo, upana wake, na maneno yako mwenyewe kama ulivyoyasema.